Pima Kwanza, Ndipo Usamehe



Wengi wenu mlikuwepo ile Jumatano jioni niliposimama mbele kutoa ushuhuda kuhusu jirani yangu mpya pale soko la Toi. Nilisema amejenga ukuta wake wa mabati futi moja ndani ya kibanda changu. Nilisema ningeweza kumpeleka mbele ya kamati ya soko, lakini Roho amenifundisha kusamehe, na kwa hiyo nimemwachia ile futi moja kwa jina la Yesu. Mkasema Amina. Mama mmoja alifuta machozi. Jumapili iliyofuata, mchungaji alipofundisha habari za Abramu na Lutu, alinitaja kama mfano.

Leo nimeomba nafasi katika kijarida chetu kwa sababu ushuhuda ule haukuwa wa kweli. Ile futi haikuwa yangu. Nilisimama madhabahuni nikamsamehe mtu kwa kosa nililolifanya mimi. Na katika kulirekebisha nimejifunza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kwa miaka yote niliyookoka: kusamehe kunaweza kuwa njia ya kukataa kurudisha.

Wacha nianzie mwanzo.

Nauza sweta za watoto Toi tangu mwaka 2003, upande wa kuelekea Makina. Mnaolijua soko letu mnajua kwamba hapa hakuna jiwe la mpaka. Mpaka wangu ni nguzo, na nguzo ni mti, na mti huungua. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa Desemba 30, 2007, fujo zilipozuka, Toi iliteketezwa. Tuliporudi mwaka 2008 tulikuta majivu na mabati yaliyojikunja. Kila mtu alisimama pale alipokumbuka, akamwita jirani amshuhudie: hapa ndipo, au sivyo? Mimi nilisimama, na jirani yangu wa kulia, shosho aliyeuza mapazia, akasimama. Tukavuta kamba kutoka kwenye mtaro. Yeye futi nane, mimi futi nane. Fundi akachimba shimo kati yetu, akasimika nguzo ya mkaratusi.

Moto ukarudi Machi 2019. Wakati huo shosho alikuwa mgonjwa, amepelekwa kwao magharibi, na alikuwa ameniachia kibanda chake nimwangalizie. Nilijenga kabla hajarudi. Ile nguzo ya kati ilikuwa imeungua juu lakini mguu wake bado ulikuwa umesimama. Nilimwambia fundi aikate usawa wa ardhi na asimike nyingine mpya, hatua moja upande wa kulia. Hakuuliza. Nikapata futi tisa, shosho akabaki na saba. Futi yangu ya tisa ikabeba reli moja ya sweta.

Aliporudi miezi mitatu baadaye alisimama mlangoni pa kibanda chake akiegemea mkongojo, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akacheka kidogo. Akasema, "Mwanangu, hiki kibanda changu kimekonda kama mimi."

Nikamwambia, "Ni mabati mapya, shosho. Yanafanya mahali paonekane padogo."

Hakusema neno tena. Tulikaa majirani mpaka alipofariki mwaka 2022. Nilichanga mazishi yake. Baadaye binti yake alikikodisha kile kibanda kwa watu wa kuweka mizigo.

Halafu ukaja moto wa Juni 2024, ule wa alfajiri, uliochukua mpaka uhai wa watu. Baada ya huo binti akampa kijana mmoja anayeuza viatu nafasi ya mama yake. Kijana huyu hutoka Kawangware kila alfajiri. Hakunisalimia siku ya kwanza. Alikuja na tepu, akapima futi nane kutoka kwenye mtaro, akapiga misumari. Nilipofika, mabati yalikuwa yameshasimama.

"Kijana, umeingia kwangu," nikamwambia.

"Mathe, mimi nimepima. Niliambiwa ni futi nane na nimechukua nane."

"Umeambiwa na nani? Mimi niko hapa tangu 2003!"

"Basi pima mwenyewe." Akanipa tepu. Sikuichukua.

Wapendwa, hapo ndipo ningetaka mwangalie. Tepu ilikuwa mkononi mwake, ameninyoshea, na mimi nikakataa kuishika. Mtu aliyedhulumiwa kweli angeinyakua. Siwezi kusema nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimejizoesha kutokumbuka, na hayo ni mambo mawili tofauti. Niliona uchungu wa kweli kifuani, nikalala vibaya, nikaomba. Na kwa kuwa sikutaka kupima, njia iliyobaki ikawa ni kusamehe. Ndiyo nikaja kwenu Jumatano.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo fundi wangu alikuwa akichimba kando ya mabati ya yule kijana ili asimike nguzo yangu ya kona. Sururu ikagonga mti. Akaondoa majivu na udongo kwa mkono, kukatokea kisiki cha mkaratusi, kimekatwa sawasawa kwa msumeno, kiko chini ya mstari wa yule kijana kana kwamba amekipima yeye.

"Mama, hiki ni cha nani?"

Nikasema, "Sijui. Funika."

Jumapili nikakaa kiti changu cha kawaida, nikasikia jina langu likitajwa pamoja na la Abramu.

Sasa nataka tufikirie pamoja, kwa sababu nadhani si mimi peke yangu.

Sisi tumefundishwa, na tumefundishwa vizuri, kwamba mtu wa Mungu hagombanii vitu vidogo. Abramu alimwachia Lutu achague kwanza. Isaka, katika Mwanzo 26, alinyang'anywa kisima cha kwanza akaenda, akanyang'anywa cha pili akaenda, mpaka akachimba cha tatu ambacho hakuna aliyekigombania, akakiita Rehobothi. Tunayapenda maandiko haya. Lakini angalia: Abramu alikuwa mkubwa wa Lutu, na haki ya kuchagua ilikuwa yake. Visima vile watumishi wa Isaka walivichimba kwa jasho. Kila mmoja alitoa kilicho chake. Ukitoa kisicho chako hujafanya alichofanya Abramu, hata kama umetumia maneno yake.

Halafu kuna Nabothi, ambaye hatumhubiri sana. Mfalme Ahabu alitaka shamba lake la mizabibu, tena kwa malipo mazuri, na Nabothi akakataa kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Mungu hakumwambia Nabothi kwamba ni mkaidi au hana upendo. Alimtuma Eliya kwa Ahabu. Kwa hiyo si kila anayesimama kwenye mpaka wake ni mgomvi. Tukimwambia kila mtu "mwachie tu, mwachie tu", tuwe waangalifu: mara nyingi anayeambiwa aachie ni mjane, na anayeachiwa ni mwenye mabega mapana.

Ndipo nikarudi kwenye ile sheria yenyewe ya mpaka, Kumbukumbu la Torati 19:14. Maisha yangu yote nilikuwa naisoma kama ulinzi wangu dhidi ya jirani. Isome tena polepole. Haimwambii aliyesogezewa mpaka alie au adai. Inamwambia mwenye mkono ulio karibu na jiwe asilisogeze. Inamlinda jirani yangu dhidi yangu. Na Mithali 23:10 inaonyesha kwa nini: mashamba ya yatima yako hapohapo, na yatima hana wa kumtetea ila Mungu. Katika Kumbukumbu 27:17 imewekwa laana juu ya anayesogeza mpaka wa mwenzake, na watu wote waliagizwa waitikie Amina. Niliposoma hapo nilikumbuka Amina zenu za Jumatano, nikafunga Biblia.

Baba yangu alikuwa mkulima Machakos. Mpaka wake na jirani ulikuwa mstari wa mkonge. Kila mwaka kabla ya mvua walikutana wawili, wakatembea mstari wote kutoka juu mpaka mtoni, wakapanda mwingine pale uliponyauka. Nilikuwa namuuliza kwa nini asiende peke yake kwani mkonge ni wake pia. Alinijibu kwamba ukipanda mpaka peke yako, utaota upande wako. Sikumwelewa. Nilifikiri anazungumzia mmea.

Kule mashambani ukikosana na jirani kuna pa kwenda. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inampa msajili wa ardhi kazi ya kuamua mpaka uko wapi kabla mahakama haijaguswa, na kuharibu alama ya mpaka ni kosa la jinai. Sisi wa Toi hatuna karatasi hiyo. Na hapa Kibera tunajua ardhi inavyoweza kupungua mtu akiwa ameikalia. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 4,197 hapa, na wanajeshi wa Kinubi wa King's African Rifles wakaishi hapo na jamaa zao. Hati ya jamii ambayo Wanubi walikuja kukabidhiwa mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288.

Kwa hiyo shetani alinipa hoja nzuri sana, na najua wengine wenu mnayo: ardhi yenyewe si ya yeyote kati yetu, sasa nimemwibia nani? Mtu anaweza kuiba kilicho juu ya ardhi isiyo na hati?

Nimeitafakari hoja hiyo wiki nzima, na nadhani iko kinyume kabisa. Mwenye hati akidhulumiwa, karatasi itamsemea hata kama majirani wote ni waongo. Asiye na hati ana kitu kimoja tu: neno la aliyesimama karibu naye siku kamba ilipovutwa. Mimi ndiye niliyekuwa hati ya shosho. Moto ulipochoma nguzo zote, mahali pake palibaki pameandikwa kichwani mwangu tu. Niliposogeza ile nguzo nilichukua futi moja, na pia niliichana hati. Penye karatasi chache ndipo neno la jirani linakuwa zito zaidi.

Basi nifanye nini? Bwana Yesu, katika Mathayo 5:23 na 24, anazungumza na mtu aliyeleta sadaka madhabahuni na hapo akakumbuka jambo. Nilikuwa nadhani anakumbuka alivyokosewa. Sivyo. Anakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Anaambiwa aiache sadaka palepale, aende kwanza. Mimi nilifanya kinyume: niliacha jirani palepale nikaja na sadaka. Na sadaka yenyewe ilikuwa ile futi.

Jumatatu nilimwendea yule kijana. Nikamwonyesha kisiki, nikamweleza yote. Nilifikiri atafurahi. Alikaa kimya akipanga viatu, kisha akasema:

"Mathe, si mlisema kanisani mmenisamehe?"

Kumbe habari zilikuwa zimemfika. Baadhi yetu, wapendwa, tulikuwa tumepita kwake na kumwambia ana bahati jirani yake ameokoka. Mteja wake mmoja, dada wa hapa hapa, aliacha kununua kwake kwa sababu hataki kununua kwa mnyang'anyi. Kijana ambaye alipima sawasawa akawa mwizi aliyesamehewa, na mwizi aliyesamehewa hana hata pa kujitetea, kwa sababu hakuna aliyemshtaki. Ndio ubaya wa msamaha wa uongo. Unamhukumu mtu bila kumsikiliza, halafu unataka akushukuru.

Kwa hiyo nasema hapa kwa maandishi, kama nilivyosema kwa mdomo: kijana yule hakuchukua kitu changu. Alichukua futi nane, na nane ni zake. Kama uliacha kununua kwake kwa ajili ya maneno yangu, nakuomba urudi.

Halafu nikampigia binti wa shosho. Rafiki yangu wa sokoni alinikataza. "Mwenyewe ameshakufa, unataka kulipa maiti?" Lakini Hesabu sura ya 5 inasema aliyekosa aungame, arudishe kamili na aongeze sehemu ya tano, na kama mwenyewe hayupo jamaa yake wa karibu yupo. Nikakaa na kalamu. Niliikadiria ile reli ya sweta kuwa shilingi 500 kwa mwezi. Kutoka Machi 2019 mpaka Juni 2024 ni miezi 63. Nikaondoa mitatu ya korona, soko lilipokuwa limelala. Nikaiangalia ile hesabu, nikaona hata hapo bado nasogeza nguzo. Nikairudisha ile mitatu. Ikawa 31,500, na sehemu ya tano 6,300, jumla 37,800. Sina pesa hizo kwa pamoja. Nitatuma 3,150 kila mwezi kwa mwaka mmoja.

Binti alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama alijua."

Sikuweza kuongea.

"Alijua siku aliyorudi. Alituambia tusikuulize, kwa sababu ulimwangalizia kibanda akiwa mgonjwa, na ana nguvu za kukaa kwa futi saba." Akanyamaza kidogo. "Tuma M-Pesa, tarehe tano." Akakata simu.

Hakuniambia amenisamehe, na sina haki ya kumwomba aharakishe. Lakini nimeelewa sasa kwamba msamaha niliouigiza mbele yenu ulikuwepo kweli kwenye ule mstari wa vibanda, kwa miaka mitatu, upande wa pili wa mabati. Shosho alikuwa amepima. Alijua hasa ni kiasi gani kimechukuliwa na ni nani aliyechukua. Akaachilia kilicho chake, na hakupanda mbele kutoa ushuhuda. Mimi nilikuwa nanunua maziwa na yule mama asubuhi, nikidhani ni mjinga.

Wengine mtauliza, basi nikikubali kosa langu ndiyo imekuwa haki yote ni ya jirani? Hapana. Paa la kijana huyu limeinama upande wangu, na mvua ikinyesha maji yote yanaingia kwenye sweta. Hilo nimemwambia pia, siku nyingine, bila kulichanganya na lile la kwanza. Kuwa na deni hakukunyimi haki ya kukaa pakavu. Bado tunalizungumza. Anasema ni mabati yangu yaliyo chini mno, na safari hii nimeishika tepu mwenyewe.

Kwa hiyo wapendwa, mwenye ugomvi wa mpaka, uwe wa kibanda, wa ua wa michongoma kule kijijini, wa zamu ya kuanika nguo kwenye ploti, au wa urithi na ndugu zako, nakuomba ufuate utaratibu ambao mimi niliuruka. Pima kwanza, tena pima pamoja na huyo unayegombana naye, usije ukapanda mkonge peke yako. Ukikuta cha mwenzako kiko kwako, rudisha, na uongeze. Ukikuta chako kiko kwake, una uhuru wote: waweza kudai kwa amani kama Nabothi, waweza kuachilia kama shosho. Vyote viwili vinaweza kufanywa mbele za Mungu. Lakini usisamehe gizani.

Kile kisiki sijakifunika tena. Nimemwambia fundi akiache wazi, na kijana amekubali. Kiko pale kati yetu, cheusi, kinajikwaza miguu ya wateja. Siku moja kutakuwa na moto mwingine, Mungu apishe mbali, na mmoja wetu atakuwa hayupo. Aliyebaki ataulizwa, "Mama, hiki ni cha nani?" Omba pamoja nami kwamba atajibu vizuri.